Fahamu: Safari ya ndege ya dakika mbili

Kaskazini mwa Scotland, katika visiwa vya Orkney, kuna viwanja viwili vidogo vya ndege: Westray na Papa Westray. Kati yao ni kilomita 2.7 tu. Shirika la Loganair limerusha ndege hapo tangu 1967, na hiyo ndiyo safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani.

Kwenye ratiba imeandikwa dakika mbili. Rekodi ni sekunde 53.

Kwa nini tofauti yote hiyo? Ukipiga hesabu kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa, umbali huo ni sekunde 40. Lakini ndege haifikii mwendo wake kamili. Ikishapaa tu, rubani anajiandaa kutua. Zaidi ya hapo kuna upepo. Ndege hupaa na kutua ikielekea unakotoka upepo, kwa hiyo siku nyingine rubani hulazimika kuzunguka ndipo aupate uwanja.

Ndege yenyewe ni Islander ya mapangaboi mawili, ndogo kiasi kwamba abiria mmoja huweza kuketi kando ya rubani.

Watalii huipanda ili wapate la kusimulia. Wenyeji wa Papa Westray, ambao hawafiki mia, wanaihitaji kweli: huleta walimu na madaktari, huwapeleka wagonjwa mjini Kirkwall. Bahari ya huko ikichafuka, mashua hazitoki, na hapo kilomita 2.7 huwa mbali sana.