Mzio wa maziwa ya ng'ombe upo, lakini si kila kilio cha mtoto ni mzio

Mtoto mchanga anayecheua kila akinyonya, anayelia usiku huku amekunja magoti, mwenye upele mashavuni, hakosi washauri. Bibi atasema ni chango. Jirani atasema maziwa ya mama ni mepesi. Siku hizi yupo pia aliyesoma kwenye simu, atakayesema ni aleji ya maziwa ya ng'ombe. Huyu wa mwisho huenda akawa sahihi, ila mara nyingi anakosea, na kosa hilo humgharimu mtoto.

Mzio huu hutokana na kinga ya mwili kuzichukulia protini za maziwa kama adui. Protini hizo ni kama kaseini, ambayo ndiyo huganda maziwa yanapokuwa mtindi, na beta-laktoglobulini, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa katika maziwa yake.

Kuna mzio wa haraka, unaojitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vilivyovimba na kuwasha, midomo na kope kufura, kutapika, kukohoa, kifua kubana. Mtoto akilegea au akapumua kwa shida baada ya kupewa maziwa, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitali. Kinachookoa maisha hapo ni sindano ya adrenalini, wala dawa ya kupunguza muwasho haitoshi.

Mzio wa polepole ndio unaochanganya watu, wakiwemo madaktari. Huchukua saa kadhaa, hata siku mbili tatu, na dalili zake ni kuharisha, choo chenye makamasi na damu, ukurutu usiokubali dawa, uzito kugoma kupanda. Kipimo cha damu hakiuonyeshi, na takriban kila dalili yake ina sababu nyingine. Kucheua na kulia sana ni mambo ya kawaida kwa watoto wengi wenye afya njema katika miezi ya mwanzo, na huisha yenyewe.

Je, wenye mzio ni wangapi? Utafiti wa EuroPrevall, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto zaidi ya 12,000 katika nchi tisa za Ulaya. Walioshukiwa waliitwa hospitalini wapewe maziwa chini ya uangalizi. Waliothibitishwa walikuwa kama mmoja katika kila 200. Wakati huohuo, Uingereza ilikuwa ikiandika vyeti vya maziwa maalumu ya kopo kwa ajili ya mzio kwa kasi ya ajabu: kutoka takriban 105,000 mwaka 2006 hadi zaidi ya 600,000 mwaka 2016. Daktari Chris van Tulleken aliyafichua hayo katika jarida la BMJ mwaka 2018, akionyesha jinsi fedha za watengenezaji wa maziwa ya kopo zilivyowafikia wataalamu walioandika miongozo ya kuutambua mzio huo. Hakuna ushahidi kwamba mzio wenyewe uliongezeka kiasi hicho. Nayataja kwa sababu kopo hilohilo linauzwa Nairobi na Dar es Salaam, na mama aliyeambiwa kwamba maziwa yake yanamdhuru mwanawe ni rahisi sana kuacha kunyonyesha.

Hana sababu ya kuacha. Ikiwa dalili ni za polepole na daktari ana shaka ya kweli, mama aendelee kunyonyesha, ila yeye mwenyewe aache maziwa kwa wiki mbili hadi nne: chai ya maziwa, mtindi, siagi, jibini, pamoja na biskuti na mikate yenye maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao watamsaidia kupata kalisiamu. Kisha, na hapa ndipo wengi hukatiza njia, ayarudishe. Nafuu peke yake haithibitishi kitu, kwani mtoto angeweza kupata nafuu kwa kukua tu. Dalili zikirejea maziwa yanaporejea, hapo jibu limepatikana. Kwa mzio wa haraka jaribio hili halifanywi nyumbani kamwe.

Wengi hukimbilia maziwa ya mbuzi. Hayasaidii: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto zaidi ya tisa kati ya kumi wenye mzio wa ng'ombe huyakataa pia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi mzio. Mtindi nao hausaidii: una laktosi pungufu, lakini laktosi ni sukari, si protini. Kutoimudu hiyo ni tatizo jingine, la watu wazima zaidi. Asiyenyonya huhitaji maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, na bei yake ni kubwa. Uji mwepesi hauwezi kushika nafasi hiyo. Hata asiye na mzio hapaswi kufanya maziwa ya ng'ombe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa madini ya chuma yamo kidogo mno na figo zake huelemewa.

Mzio huu, kwa wengi, huisha. Katika utafiti uleule wa Ulaya, karibu watoto saba kati ya kumi waliopimwa tena baada ya mwaka mmoja waliweza kunywa maziwa. Wengine huanza kuvumilia maziwa yaliyookwa ndani ya keki au mkate, kwa sababu moto wa oveni wa muda mrefu, pamoja na unga, huzibadilisha protini kuliko jiko la kuchemshia. Kwa hiyo mtoto arudi kliniki kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili akaangaliwe upya. Aliyekatazwa maziwa akiwa na miezi minne, kisha asiulizwe tena hadi anaanza shule, huenda amenyimwa kwa miaka chakula ambacho mwili wake ulishakikubali.