Je, Umelipia Umeme Mara Mbili? Namna ya Kubaini Mistari Iliyojirudia

Mteja wa LUKU anunuaye umeme kwa simu, ujumbe ukachelewa kufika, huenda akalipa tena. Baadaye hubaki na shaka iwapo fedha zake zilikatwa mara mbili kwa umeme uleule. Jibu limo katika kumbukumbu zake mwenyewe, endapo zitapangwa ipasavyo.

Andaa jedwali

Katika programu ya Excel, kila ujumbe wa ununuzi uwe na mstari wake. Mstari wa kwanza uwe wa vichwa, na safu ziwe nne: A tarehe, B namba ya muamala, C kiasi, D tokeni.

Tokeni ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri. Hivyo tokeni mbili tofauti zaweza kuonekana kuwa moja. Tenganisha tarakimu nne nne kwa vistari, mfano 1234-5678-9012-3456-7890.

Tafuta zilizojirudia

Katika kisanduku E2 andika fomula ifuatayo, kisha uinakili hadi mstari wa mwisho:

=COUNTIF(D:D,D2)

Jibu likiwa 1, tokeni hiyo ni ya pekee. Likiwa 2 au zaidi, imejirudia. Katika F2 fanya vivyo hivyo kwa namba za muamala:

=COUNTIF(B:B,B2)

Anayetumia lugha ya Python na maktaba ya pandas asome faili kama maandishi, kisha aitishe mistari yote yenye tokeni iliyojirudia:

d = pandas.read_csv("luku.csv", dtype=str)
d[d.duplicated("tokeni", keep=False)]

Pasipo keep=False, mstari wa kwanza wa kila tokeni iliyojirudia hautaonyeshwa.

Soma matokeo kwa uangalifu

Kufanana kwa kiasi na tarehe pekee si ushahidi.

(a) Tokeni tofauti, miamala tofauti: umenunua mara mbili. Fedha hazijapotea, ingiza tokeni zote mbili kwenye mita.

(b) Tokeni moja, muamala mmoja: umenakili ujumbe uleule mara mbili. Hakuna dai.

(c) Tokeni moja, miamala miwili: umelipa mara mbili na kupata umeme mara moja, kwa kuwa mita haikubali tokeni iliyokwisha kutumika. Iwapo taarifa yako ya miamala haionyeshi kwamba fedha zilirejeshwa, unayo sababu ya kudai.

Kabla ya kulalamika

Usifute mstari wowote. Fanyia kazi nakala na utunze jedwali la awali pamoja na ujumbe wote wa simu. Wasilisha dai kwanza kwa mtoa huduma, ukitaja namba zote mbili za muamala. Usiporidhika na majibu yake, peleka lalamiko lako kwa mamlaka ya udhibiti pamoja na vielelezo hivyohivyo.