Mtaani redio inaunguruma, ughaibuni ni kimya

Juma hili sitazungumzia bei ya sukari wala foleni za magari. Nataka tuizungumzie redio yenyewe, hii inayonifikisha kwenu kila wiki.

Ninaye shangazi anayeishi Maskati, huko Omani, kwa miaka mingi sasa. Kila asubuhi huweka simu yake juu ya friji, akafungua kwa njia ya intaneti redio moja ya hapa Dar es Salaam, akasikiliza salamu na matangazo ya vifo huku akikanda unga wa chapati. Siku moja, ilikuwa Jumatatu, alinipigia simu kwa ukali. "Mwanangu, redio yenu imekufa tangu juzi usiku, na nyinyi mmenyamaza tu!" Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Mbona haijafa? Naisikia hapa ndani ya daladala." Alidhani namdhihaki. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli.

Nikashikwa na udadisi, nikaenda kwenye kituo hicho, ambacho sitakitaja jina. Fundi mitambo alinieleza kwa aibu kidogo. Usiku wa Jumamosi, kompyuta inayopeleka matangazo kwenye intaneti ilijizima na kujiwasha yenyewe ili kubadilisha programu zake. Ilipoamka haikuchukua tena sauti kutoka kwenye mitambo ya studio. Ilichukua kutoka kwenye tundu la maikrofoni lililokuwa tupu. Kwa siku mbili ikawa inapeleka ukimya, tena kwa bidii kubwa, bila kukatika hata sekunde moja! Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilionyesha kwamba mambo ni shwari. Na watangazaji walikuwa wakisikia FM kwenye spika zao kama siku zote.

Ugonjwa wenyewe ndio huo. Mtambo wa FM ukizimika, kila mtu kituoni anajua kabla dakika haijaisha. Simu zinalia, meneja anatoka mbio, wenye matangazo ya biashara wanadai fedha zao. Lakini matangazo ya intaneti yakizimika, pale studio hakibadiliki kitu. Anayejua ni shangazi yangu, na yeye yuko mbali.

Hebu tuifuate sauti njiani. Inapotoka kwa mtangazaji hugawanyika mara mbili. Njia ya kwanza huenda kwenye mtambo na mnara wa FM. Njia ya pili huingia kwenye kompyuta, ambayo huifinya sauti ikawa nyepesi, kisha huipeleka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyoko mahali pengine. Seva ndiyo inayomgawia kila msikilizaji fungu lake. Jambo hili si geni. Tarehe 7 Novemba 1994 WXYC, kituo cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Marekani, kilianza kupitisha matangazo yake ya FM kwenye intaneti.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Mnara wa FM haujali wasikilizaji ni kumi au laki moja. Kwenye intaneti kila msikilizaji anavuta uzi wake peke yake. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, ikisikilizwa na watu 200, inahitaji kilobiti 12,800 kila sekunde. Kituo kinachoiweka seva palepale ofisini, juu ya laini ileile wanayotumia makarani kutazama video za muziki, kinajitafutia balaa. Studio ipeleke uzi mmoja tu, na seva iliyoko kwenye jengo lenye laini nene ndiyo iuzidishe.

Kuna vituo vinavyojigamba kwamba vinatoa sauti ya kilobiti 128. Sawa, muziki unapendeza. Lakini huo ni mzigo wa karibu megabaiti 58 kwa saa, na wa kilobiti 64 ni karibu megabaiti 29. Msikilizaji anayenunua bando la siku atazima redio kabla taarifa ya habari haijaisha. Kwa kipindi cha mazungumzo, 64 zinatosha kabisa, na kwa njia mpya za kufinya sauti hata 48 zinatosha. Tena uzi mwembamba haukatiki ovyo mtandao unapolemewa.

Mtaniuliza, mbona redio ya kwenye simu huchelewa, jirani anashangilia bao nawe bado unasikia mpira uko katikati ya uwanja? Ucheleweshaji huo ni akiba. Simu huweka kwanza sekunde kadhaa za sauti kibindoni ndipo ianze kucheza. Programu ya bure iitwayo Icecast, inayotumiwa na vituo vingi, kwa kawaida humpa msikilizaji mpya kilobaiti 64 kwa mkupuo mmoja. Kwa sauti ya kilobiti 64 hizo ni kama sekunde nane. Mtandao ukiyumba kwa sekunde tano unakula akiba, wewe husikii lolote. Fundi anayepunguza akiba ili apate sifa ya kuwahi anauza mwavuli wake wakati wa masika.

Sasa tuje kwenye umeme na njia. Vituo vingi vina jenereta, na kompyuta ina betri yake ya kuishikilia mpaka jenereta iwake. Lakini kile kisanduku kidogo cha intaneti ukutani husahauliwa. Umeme ukikatika, kompyuta inabaki hai, kisanduku kinakufa, na hata umeme ukirudi huchukua dakika kadhaa kujikusanya. Wakati huo seva haina subira. Icecast, isipobadilishwa, husubiri sekunde kumi tu bila kupata sauti, kisha huhesabu kwamba kituo kimeondoka na wasikilizaji wote hutupwa nje.

Na njia mbili ziwe mbili kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, iliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za jirani. Aliyekuwa na laini za makampuni mawili, yote yakipita kwenye mikongo hiyohiyo, alikuwa na ankara mbili na njia moja. Tena kituo cha Dar es Salaam ambacho seva yake iko Ulaya humlazimisha msikilizaji wa Mwanza aipate sauti ya Dar baada ya kuvuka bahari kwenda na kurudi! Iwepo seva hapa nchini kwa ajili ya walioko nchini, na nyingine ng'ambo kwa ajili ya walioko ng'ambo.

Fundi wetu alijifunza. Amemwomba ndugu yake wa mtaa mwingine amhifadhie kompyuta ndogo iliyounganishwa na redio ya kawaida. Redio hiyo inanasa FM, na kompyuta inaipeleka kwenye seva kwa laini ya kampuni tofauti. Uzi wa studio ukikatika, seva inawahamishia wasikilizaji kwenye uzi huo wa akiba, na wa studio ukirudi inawarudisha. Sharti ni kwamba nyuzi zote mbili ziwe za aina moja na kipimo kimoja cha sauti, la sivyo simu nyingi hukwama wakati wa kuhama. Ameweka pia programu inayosikiliza sauti yenyewe. Ukimya ukizidi nusu dakika, simu yake inalia, hata iwe saa nane za usiku.

Lakini kilichonifurahisha zaidi nilikikuta getini. Juu ya meza ya mlinzi kuna simu ya bei rahisi, yenye laini ambayo si ya kituo, inacheza redio hiyo kwa njia ya intaneti mchana na usiku. Ukutani pamebandikwa namba ya fundi. Nilimwuliza mzee huyo wa zamu kama kazi ile haimchoshi. Akacheka, akasema yeye hupenda muziki, ila majuzi alimwamsha fundi mara mbili kwa usiku mmoja, na mara ya pili ilikuwa bando limekwisha.