Ngoma umeicheza, nyumba umeingia?

Msomaji wangu, hebu nikuulize kabla hujafungua ukurasa wa michezo. Ile safari yako ya Unguja, wewe na mwenzio, mlifanya nini? Najua utaanza na pweza wa Forodhani, urojo, bahari ya Nungwi, halua kisanduku kimoja cha kumpelekea mama mkwe. Kama ulikwenda mwezi wa Februari utaongeza kwamba ulijirusha Ngome Kongwe mpaka miguu ikafa ganzi.

Sawa, bwana. Na nyumba je, uliingia hata moja?

Hapo sasa ndipo wengi wetu tunapoanza kujikuna kichwa. Tunavuka maji kwa boti, tunapita vichochoroni Mji Mkongwe, tunapiga picha milango ya nakshi kwa nje, halafu huyoo tunarudi zetu. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Za Unguja hakuna anayekwambia ulale, lakini kuingia waingia, na kila msimu una nyumba yake. Fuatana nami tuupige mwaka mzima, upepo kwa upepo.

KASKAZI: NGOMA JIRANI NA MSIBA

Kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi, jua kali, na mji umejaa wageni. Ndicho kipindi cha Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi uwanja wake mkuu umekuwa Ngome Kongwe. Watu hutoka Dar, Nairobi, Ulaya, kila mahali.

Sasa ukitoka mlango wa Ngome na kutazama jirani yake, hapo ndipo penye Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, si kwa kulala bali kwa sherehe na kupokea wageni wakubwa. Nguzo za chuma, baraza pande zote, na ndilo lililotangulia kuwashwa umeme Unguja nzima. Wenyeji husimulia kwamba mlango wake ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya tembo. Tembo hatukumwona, ila mlango ulikuwa mpana kweli.

Agosti 27, 1896, manowari za Kiingereza zililipiga jumba la kifalme mizinga kwa muda wa dakika 38 hivi, kumng'oa Khalid bin Barghash aliyejitangaza Sultani. Mnara uliokuwa mbele ukaenda, Beit al-Hukm iliyokuwa ubavuni ikaenda. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Baadaye likawekewa mnara wa saa juu ya paji lake, na miaka ya karibuni likawa makumbusho, ndani kukiwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Kilichoshindikana kwa mizinga kikawezekana kwa maji na umri. Mwaka 2012 kipande kikaanguka, jumba likafungwa kwa wageni. Ukapita mwaka, ikapita miaka. Ngoma zikapigwa pale jirani, sisi tukicheza, lenyewe limenyamaza. Kisha Desemba 25, 2020, mchana kweupe, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Tangu hapo kazi ikawa si ya kuziba ufa tena, ni ya kujenga ukuta, kama methali ilivyotuonya tangu shule ya msingi.

Nakusimulia haya si kukuharibia raha, la. Ni ujue kwamba nyumba hizi si mawe ya milele. Iliyopo leo, iingie leo.

JUMBA LA KIFALME: KISA CHA BINTI SALME

Hatua chache kutoka hapo, ukifuata bahari, utakuta Beit al-Sahel, Jumba la Kifalme. Lile la kwanza liliharibiwa na mizinga ile ile ya 1896. Lililojengwa upya likawa makazi ya masultani mpaka Mapinduzi ya Januari 1964, likaitwa Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa kina mama wapenda vyombo, humo kuna samani za kila aina, hadi kabati za fomaika! Naam, fomaika ile ile iliyokuwa fasheni kwa mashangazi zetu. Kumbe hata ikulu mambo ya mtindo hayakuwapita.

Lakini chumba cha kukaa kitako ni cha Binti Salme. Huyu alizaliwa mwaka 1844, baba yake Seyyid Said mwenyewe. Enzi hizo mabinti walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye akajifunza kuandika kimyakimya. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, barua za siri aliandika nani? Salme, msichana wa miaka kama 15.

Baadaye mjini nyumba yake ikapakana na ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Paa la jirani lilikuwa chini ya paa lake. Si unajua mambo ya majirani! Mwaka 1866 Salme akiwa mjamzito akatoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden, akabatizwa Emily, wakafunga ndoa na kwenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu kwenye baridi ya Ujerumani.

Aliporudi kutazama kwao mwaka 1885, Sultani alikuwa nani? Barghash yule yule aliyemwandikia barua. Jumba la Maajabu lilikuwa na miaka miwili tu, linang'aa. Kaka hakumpokea. Dada akarudi Ulaya, mwaka uliofuata kitabu chake cha kumbukumbu kikachapishwa, na alikufa Ujerumani mwaka 1924.

Sasa niambie, filamu gani ya video utakayokodi ikushinde kisa hiki? Na kipo pale, hatua chache kutoka kwenye mishikaki yako.

MASIKA: NYUMBA HUJARIBIWA

Machi ikiisha mvua zinaanza, wageni wanapungua, bei za vyumba zinashuka. Mwenye mshiko mdogo hapa ndipo pake. Na kama wataka kuijua nyumba ya Mji Mkongwe, itazame wakati wa masika.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu: boriti ina kimo chake, huwezi kuivuta kama lastiki. Ukuta wa chokaa huvuta maji na kuyatoa, unapumua. Paa likivuja, maji yanaingia ukutani na boriti inaoza pale pale kichwa chake kilipozama kwenye ukuta, mahali jicho halifiki. Fundi wa haraka akija akapaka saruji juu, kwa nje panapendeza, kumbe maji amewafungia ndani.

Basi ukiwa ndani ya makumbusho mvua ikinyesha, inua macho. Ukiona madoa ya maji darini, ujue kiingilio chako kina kazi ya kufanya. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini cheo hakizibi paa.

KUSI: KIBANDA KINACHOCHOMWA

Juni hadi Septemba ni kusi, baridi kidogo, anga safi. Julai watu humiminika Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Wanaume hutandikana kwa mabua ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, wanawake huimba, na kibanda cha makuti huchomwa moto huku mtu akiwa ndani, akachomoka mbio watu wakishangilia. Mwakani kinajengwa kingine.

Lakini nyumba ya mawe si kibanda cha makuti. Kesho yake, kabla hujapanda boti, pitia magofu ya kaskazini ya mji uone tofauti. Maruhubi, jumba la Barghash, liliungua mwaka 1899 na halikurudi tena. Zimebaki nguzo na mahali pa hamamu. Waongoza wageni hupenda kukutajia masuria 99, nawe tia akilini kama utakavyo. Mbele kidogo ni Mtoni, alikozaliwa Salme. Ameandika kwamba uani kwao walizagaa tausi, paa na hata mbuni. Leo ukisimama pale unasikia bahari tu.

Magofu haya ni mazuri wakati wa kusi kwa sababu ardhi ni kavu. Nenda asubuhi au alasiri, vaa viatu.

VULI NA SIKUKUU

Septemba 5 ni siku aliyozaliwa Farrokh Bulsara hapo Unguja, mwaka 1946. Humjui? Unamjua: dunia ilimwita Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Makumbusho yake ilifunguliwa Shangani mwaka 2019. Vijana, hiyo ni yenu.

Idd nazo hutembea na mwezi, zaweza kuangukia msimu wowote. Siku ya sikukuu watoto wa mjini hutoka na nguo mpya na visenti mkononi, wanatafuta pembea na barafu. Mzazi, toa kidogo cha pembea uwape cha kiingilio. Mtoto aliyekiona chumba cha Salme hutamlazimisha kuipenda historia, atakuuliza mwenyewe usiku kucha.

KABLA HUJAVUKA

Moja: ulizia mapema, maana nyumba hizi hufungwa kwa matengenezo. Mbili: vaa ya heshima, ule ni mji wa watu, si ufukwe. Tatu: mchukue mwongozaji anayetambulika, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza, siyo mnazozana mlangoni. Nne, na hii nakuomba: usiandike jina lako na la mpenzi wako ukutani. Chokaa haisahau, na huenda penzi lenyewe likaisha kabla ya wino.

Tano: ukimaliza, usiku huo nenda kacheze ngoma yako kwa raha zako. Ila ukiwa Forodhani na kipande cha pweza mkononi, tazama kule uliko mbele ya Jumba la Maajabu, uwakumbuke wale wawili waliotoka kwenda kazini siku ya Krismasi na hawakurudi nyumbani.

Haya, safari njema. Ukirudi, halua usinisahau.