Je, Wajua? Boga Laweza Kufa Kiu Majini

Saa nane mchana, katika mashamba ya kando ya Mto Tana mjini Garissa, majani ya maboga hulegea kama masikio ya mbuzi, hata kama mfereji ulijaa maji asubuhi. Hilo si ajabu: jani pana hupoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoyavuta, na jioni husimama tena. Lakini likibaki limelala hadi alfajiri, kingo zake zikaungua, ishuku mbolea.

Mbolea nyingi za dukani ni chumvi. Wavuvi wa Lamu wanapomtia papa chumvi, maji humtoka mwilini. Maji ya udongoni yakizidi chumvi, mizizi nayo hushindwa kuyanywa. Garissa, ambako mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 400, jua hurusha maji hewani na kuiacha chumvi. Mchanganyiko uliokuwa mwepesi Jumatatu waweza kuwa mkali Ijumaa bila mtu kuongeza hata punje. Utando mweupe juu ya tuta ndio ushahidi.

Ukali huo hupimwa kwa kifaa cha mfukoni kinachopitisha umeme majini, kwani chumvi ikiyeyuka hubeba umeme. Maboga yanayolishwa mbolea ya maji huridhika na takriban milisimensi 2 kwa sentimita. Pima kwanza maji matupu: ya kisima yakisoma 0.8, mbolea imebakiwa na nafasi ya 1.2 tu. Ila yurea hukihadaa kifaa hiki. Chembe zake hazina chaji, hivyo waweza kuyeyusha makonzi mawili na namba isisogee. Kwa yurea, mimi naamini mizani.

Kuna na uchachu. Kipimo cha pH, alichokianzisha Mdenmarki Søren Sørensen mwaka 1909, huiweka ndimu karibu na 2, maji safi kwenye 7, na magadi karibu na 10. Kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 8 hadi 6 uchachu huongezeka mara 100. Maboga hupenda kati ya 6 na 6.8. Udongo wa nyanda kame, usiooshwa na mvua, mara nyingi huelekea upande wa magadi. Humo madini ya chuma hayakosekani, ila yameganda kama kutu isiyoyeyuka. Majani machanga hugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani. Mkulima hudhani mmea una njaa, anaongeza mbolea, na tumerudi kwa papa wa chumvi.

Anayetaka kushusha pH ya maji ya kumwagilia hutumia asidi kidogo kidogo, akipima kila mara, na huimimina asidi ndani ya maji. Akigeuza, yaweza kumrukia usoni. Chumvi iliyokwisha kujaa haina dawa ya chupa: huoshwa kwa maji mengi matupu yanayoisukuma chini ya mizizi, mradi shamba lina njia ya kuyatoa.