Ngano Inapokataa Tumboni: Mezani na Altareni



Katika utume wetu wa likizo tulikutana na mama mmoja, mwanajumuiya hodari, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akibaki kwenye benchi wenzake wanapokwenda kukomunika. Mnajua mambo ya parokiani. Maneno yalianza: ndoa yake ina kasoro, ana jambo hataki kuliungama. Hakuna aliyemwuliza. Alipotueleza mwenyewe, kumbe hospitalini aliambiwa ana ugonjwa wa seliaki na asiguse ngano tena maishani. Hostia ni ngano. Aliona haya kumwambia Baba Paroko, akaamua kukaa kimya.

Ndiyo maana tumeona tulieleze suala hili, kuanzia jikoni hadi altareni.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupambana nayo huharibu ukuta wa utumbo mwembamba, mahali ambapo chakula hufyonzwa. Mtu anakula lakini mwili haupati kitu: anakonda, tumbo linajaa gesi, anaharisha mara kwa mara, damu inapungua, mtoto hakui vizuri. Kwetu dalili hizi hudhaniwa kuwa ni minyoo, amiba au vidonda vya tumbo, na wapo wanaoambiwa wamerogwa. Aliyewafumbua macho madaktari ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Njaa kali iliyoikumba nchi yake mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, ilitilia nguvu yale aliyokuwa ameshaanza kuyashuku kuhusu ngano.

Si kila anayesumbuliwa na ngano ana seliaki. Wengine wana mzio, na wengine tumbo linawasumbua tu bila utumbo kuharibika. Kutofautisha ni kazi ya daktari, kwa kipimo cha damu na pengine kwa kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Jambo moja tunalisisitiza: usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha, kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa ambao unao. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Tiba ni kuacha gluteni kabisa.

Katika chakula tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana, maana wao mkate uko mezani mchana na jioni. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa mhogo, wali, ndizi, magimbi, viazi, maharage, samaki: vyote hivyo havina gluteni kwa asili yake. Taabu yetu ni asubuhi, chai inapotafuta andazi. Badala yake viko vitumbua na mkate wa kumimina, vyote vya mchele, viko viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, na uko uji wa ulezi. Hakuna haja ya kununua unga wa bei kubwa wa supamaketi.

Hatari iko katika ngano iliyojificha. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano huacha mabaki katika mtama wako. Soseji, sosi ya soya, bagia za mitaani zilizoongezwa unga kidogo ili zishikane, na bia ya shayiri, zote ni za kuuliza kwanza. Hapa seminarini tulijifunza kwa makosa. Mwenzetu mmoja aliendelea kuumwa majuma mawili ingawa alikuwa ameacha mkate, hadi mpishi alipokumbuka kwamba mihogo yake ilikuwa ikikaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaangiwa maandazi. Sasa ana kikaango chake na mwiko wake.

Tukija altareni, huko hatuwezi kubadilisha ngano kwa mchele. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inataka mkate wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni. Hostia ya mtama au ya mhogo, hata iokwe kwa ibada kiasi gani, si maada halali ya Ekaristi. Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilieleza mwaka 2003, na barua ya mwaka 2017 kuhusu mkate na divai ikakumbusha, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, bali yenye gluteni kidogo inafaa, mradi iwe inatosha kuufanya uwe mkate. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, huko Marekani, wametengeneza hostia za namna hiyo zenye gluteni ya asilimia 0.01 au chini ya hapo. Ruhusa ya kuzitumia hutolewa na Askofu, na daktari aulizwe kama mgonjwa anazimudu.

Asiyezimudu hajafungiwa mlango. Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba Kristo yupo mzima katika kila umbo, na kanuni ya 925 inaruhusu kukomunika kwa umbo la divai peke yake panapokuwa na lazima. Lakini kalisi ya padre haimfai, kwa kuwa kipande cha hostia hutiwa humo. Aandaliwe kikombe kingine.

Kwetu waseminari kuna neno zaidi. Barua ile ya 2003 inataka tahadhari kubwa kabla ya kumpa Daraja Takatifu asiyeweza kutumia gluteni bila madhara makubwa, kwa sababu padre asiyeweza kupokea hata hostia yenye gluteni kidogo hawezi kuadhimisha Misa peke yake wala kuongoza Misa ya pamoja. Fratri anayejua hali yake amwambie Padre Gambera mapema, asisubiri mwaka wa ushemasi.

Na yule mama? Tulimsindikiza ofisini kwa Baba Paroko, na mazungumzo hayakuzidi robo saa. Siku hizi kikombe chake kidogo huwekwa juu ya korporale tangu matoleo, naye hukomunika wa kwanza, kabla ya foleni.