Gato ya Arusi: Tumchague Fundi Gani?



Jioni moja vijana wawili walibisha hodi nyumbani kwetu, hapa Lubumbashi. Mahari ilikuwa imekwisha kulipwa, matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani, na arusi imewekwa katika mwezi wa Oktoba. Hata hivyo nyuso zao hazikuwa na furaha. Kijana akatoa simu yake, akatuonyesha picha ya gato ya ghorofa tano, nyeupe kama pamba. «Baba,» akasema, «rafiki zetu wanatuambia kwamba arusi bila gato ya namna hii ni aibu. Fundi anadai feza iliyo sawa na kodi ya nyumba yetu ya miezi minne. Je, tukope?» Mchumba wake aliinamisha kichwa, asiseme neno.

Tuliwakaribisha wakae, wanywe chai kwanza. Tulijua kwamba swali lao ni swali la nyumba nyingi. Wahenga walisema: Kukopa arusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa watu wanapiga vigelegele. Siku ya kulipa, wawili wako peke yao, na pengine mtoto ni mgonjwa. Basi, tuliyowaambia wale wawili twapenda kuwaambia na ninyi.

Gato nyeupe ilitoka wapi?

Kanisa likitaka kujua kama ndoa ya Wakatoliki ni halali, huuliza juu ya ridhaa ya hao wawili, iliyotamkwa mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Juu ya gato haliulizi kitu. Gato ni desturi ya furaha, nayo ni desturi nzuri. Lakini yafaa tujue asili yake.

Mwaka 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert. Gato yao ilikuwa na uzito wa karibu kilo 136, nayo ilifunikwa sukari nyeupe. Siku zile sukari safi nyeupe ilikuwa ghali, kwa hiyo weupe wa gato ulitangaza utajiri wa mwenye karamu. Mwaka 1858 binti yake akaolewa, na gato yake ilikuwa ndefu ya kushangaza. Lakini ghorofa ya chini tu ndiyo iliyokuwa gato ya kweli. Zile za juu zilikuwa sukari tupu, pambo la macho.

Tena, wakati wa vita kuu ya pili, sukari ilipimwa kwa kila mtu huko Uingereza, na mwaka 1940 serikali ilikataza kupamba gato kwa sukari kwa nje. Wachumba walifanyaje? Walikodi kifuniko cha karatasi ngumu kilichopambwa vizuri, wakakiweka juu ya gato ndogo. Wageni waliona gato kubwa katika picha, wakala kipande kidogo, wakashangilia. Wala hatujasikia kwamba ndoa zile zilikuwa dhaifu kwa sababu ya karatasi.

Hesabu kwanza, picha baadaye

Watu wengi humwendea fundi na picha mkononi. Hapo fundi hutaja bei ya picha. Ninyi mwendeeni na hesabu: wageni ni wangapi, na feza tuliyo nayo, isiyo ya deni, ni kiasi gani?

Aibu ya kweli katika karamu ni mgeni kukosa. Kule Kana divai ilipungua, na Mama Maria aliona mara moja taabu ya wenye arusi. Basi hesabuni vipande. Gato ya duara yenye upana wa sentimeta 15, ikikatwa vipande vidogo vya arusi, hutoa vipande 12 hivi. Ya sentimeta 20 hutoa 24. Ya sentimeta 25 hutoa 38. Ya sentimeta 30 hutoa 56. Mwaona kwamba gato pana kidogo tu hulisha watu wengi zaidi.

Lakini kuna njia iliyo rahisi kuliko ghorofa. Sinia moja ya gato yenye sentimeta 30 kwa 45, ikikatwa miraba ya sentimeta 5, hutoa vipande 54. Haina nguzo wala maua, kwa hiyo kazi yake ni ndogo na bei yake hupungua. Hukatwa jikoni na kuletwa katika sahani. Mgeni hajui kipande chake kimetoka wapi. Na ghorofa za juu zaweza kuwa za povu gumu jepesi lililofunikwa sukari, kama zile za mwaka 1858 zilivyokuwa pambo tu.

Namna ya kumpima fundi

Kwanza, onjeni. Ombeni gato ndogo, mlipe bei yake, nanyi muile siku ya pili. Gato mbaya huwa nzuri ikiwa ya moto; kesho yake hukauka na kusema ukweli.

Pili, oneni kazi yake kwa macho. Picha ya simu yaweza kuwa ya fundi mwingine wa nchi nyingine. Ulizeni katika parokia ni nani waliokula gato yake, nanyi muwaulize hao.

Tatu, mwulizeni juu ya joto. Oktoba hapa kwetu joto hupita digrii 30, na siagi huanza kulegea na kuyeyuka. Maua ya siagi yaliyopendeza asubuhi hutiririka alasiri. Fundi mwenye akili atawashauri pambo la sukari na ute wa yai, ambalo hukauka na kuwa gumu. Mwulizeni pia atafanya nini umeme ukikatika. Mwenye tanuru ya makala hatawaambia usiku wa Ijumaa kwamba hakuna gato.

Nne, nani ataileta? Barabara zetu zina mashimo. Ghorofa na zisafirishwe moja moja, zipangwe ukumbini.

Tano, andikeni. Tarehe, saa, ukubwa kwa sentimeta, idadi ya vipande, ladha, bei, avansi, na baki italipwa lini. Sisi wenyewe tulihudhuria arusi moja ambapo feza yote ilitolewa mbele, bila karatasi. Gato ilifika usiku, imeinama kama mnara unaotaka kuanguka, nao wazee walikuwa wamekwisha kwenda zao. Mama wa bibi arusi alilia, lakini hakuwa na hati ya kumwonyesha fundi.

Haki ya fundi

Neno moja tena. Kubana matumizi si kumbana mtu. Mama anayeoka gato hununua unga, mayai, sukari na makala, naye hukesha usiku. Mkipunguza bei, punguzeni na kazi: ghorofa chache, maua machache. Msimwombe shangazi aoke bure kwa kuwa ni ndugu, kisha mkamlipe mgeni feza nyingi kwa muziki.

Wale vijana wawili walifanyaje? Walihesabu wageni 140. Walimpata mama mmoja wa mtaa wao, wakaonja, wakaandikiana. Akawatengenezea ghorofa ya chini ya kweli ya sentimeta 25, mbili za juu za pambo, na sinia mbili jikoni. Jumla vipande 146. Bei ilikuwa ndani ya feza waliyokuwa nayo.

Siku ya arusi walikata gato, wakawalisha wazazi wao kwanza, kisha wasimamizi. Hakuna mgeni aliyekosa, wala aliyeuliza habari za ghorofa tano. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alipobisha mlango, bibi arusi alimfungulia bila hofu, akamhesabia kodi yake mkononi. Ndugu wasomaji, furaha ya namna hiyo twawatakia wote wanaojiandaa kwa ndoa.